Kababu Mbili za Mkesha

Jumamosi, 11 Januari

Mvua. Xiaoman, binti yangu, amenipa daftari hili lenye picha ya panya kwenye jalada, kwa kuwa mwaka unaoingia, kwa kalenda yetu ya mwezi, ni wa panya. "Mama, chukua," kasema. "Kila unachotaka kumwambia Bibi, andika humu, halafu usimwambie." Mtoto huyu ana akili kuliko baba yake.

Bibi ndiye mama mkwe wangu. Anakuja Ijumaa kula mwaka mpya na sisi kama kila mwaka, na kama kila mwaka nitapika mimi, ataonja yeye, na atasema chumvi. Mimi naitwa Zou Caixia, mama ntilie wa tambi za ufuta pale mbele ya stendi ya mabasi. Madereva wote wa mji huu wanajua ukali wa pilipili yangu na wa mdomo wangu. Lakini mbele ya mama mkwe huufunga mdomo huu, na unaniwasha.

Xiaoman ana mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilitoka mwaka juzi, na tangu hapo sote humu ndani tunatembea kwa kunyata. Mume wake ni fundi mitambo wa meli ya mizigo, hatarudi hadi mwezi wa nne, kwa hiyo binti kaja kwangu. Safari hii nimeapa: hata inzi hatamgusa.

Jumatatu, 13 Januari

Mvua. Tambi zimeisha mapema. Dereva wa basi la Wuhan anakohoa kama trekta. Nimemwambia ageuzie uso wake kwa yule jirani anayeuza maandazi, maana ndiye mshindani wangu.

Ijumaa, 17 Januari

Amefika. Kaja na begi la magurudumu, gunia la mizizi ya yungiyungi ya kupikia supu, na samaki wanne wa chumvi waliotobolewa midomo na kupitishwa kamba. Alikuwa Wuhan kwa mtoto wake mdogo, Guofu, na samaki kawatengenezea huko kwa mkono wake kwa sababu, eti, wa kwangu huoza. Kabla hajavua koti kawatundika kwenye roshani, juu ya nguo nilizoanika.

"Mbona umenenepa?" kaniuliza.

"Ni koti, Mama."

"Koti lina mashavu?"

Guosheng, mume wangu, kacheka mpaka kashika ukuta. Naandika hapa ili nisiseme.

Mezani ikawa yale yale. Mama mkwe wangu ana desturi yake. Chakula kikishatengwa, huvilamba vijiti vyake vya kulia, taratibu, mpaka ving'ae, ndiyo kuvisafisha huko. Kisha huchagua kipande kizuri kuliko vyote kwenye sahani na kukitia katika bakuli la mtu. Kipande kwa Guosheng. Kipande kwa Xiaoman. Huyu mama hajawahi kumkumbatia mtu maishani mwake, hata wanawe, lakini akikupenda atakutilia ubavu wa nguruwe. Mimi hajanitilia hata jani la kabichi tangu niolewe, na ndoa hii ina miaka ishirini na tisa. Hilo ndilo jambo langu. Watu wengine wana mawe kwenye figo, mimi nina hilo.

Alikohoa kidogo. Kasema ni kiyoyozi cha treni.

Jumamosi, 18 Januari

Kasema tambi zangu zina chumvi.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua imekata, umebaki ukungu. Televisheni imesema ule ugonjwa wa mapafu wa Wuhan unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Wiki iliyopita walisema hauna neno. Nimeacha uji jikoni nikatoka mbio dukani kutafuta barakoa, nikakuta zimeisha, nikapata za watoto zenye picha ya nguruwe mwekundu. Guosheng kakataa kuvaa.

"Nitapita barabarani na nguruwe usoni?"

"Ukivua hakuna tofauti," nimemwambia.

Mama mkwe kacheka. Nimeiandika kwa kuwa ni nadra. Kicheko chenyewe kikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi hakikwisha upesi. Kanywa maji ya asali, kageukia ukutani.

Jumatano, 22 Januari

Guofu naye kaja, na basi la mwisho la jioni. Shemeji huyu ana miaka arobaini na nne, hana mke, hana hamu, kazi yake kuuza matairi na kucheza kamari ya majong. Nikamuuliza mambo ya Wuhan yakoje. "Shwari, shemeji. Hospitali zimejaa kama sokoni, lakini watu wanapenda tu mikusanyiko." Nikamwambia hilo si jambo la kuchekea. "Basi nilie? Zimebaki siku mbili mwaka uishe, kulia ni mwiko."

Kalala sebuleni. Usiku kucha koo lake linakwaruza.

Alhamisi, 23 Januari

Wuhan imefungwa. Asubuhi treni zimesimama, mabasi, feri, vyote. Stendi yetu imekuwa tupu, na mimi nimesimama na sufuria ya maji yanayochemka na hakuna wa kula. Nimefunga genge, nikarudi.

Dada Shu kabisha hodi mchana. Ni muuguzi mstaafu wa ghorofa ya pili, na ndiye mjumbe wa jengo letu. Kasimama mbali na mlango, barakoa usoni, kalamu sikioni.

"Caixia, mna mgeni yeyote kutoka Wuhan?"

Sijafungua mdomo, Guosheng kajibu nyuma yangu: "Hatuna mgeni. Mama yangu si mgeni. Mdogo wangu si mgeni."

Dada Shu katazama chini, pale mlangoni. Ndala za wageni jozi mbili zilikuwa zimevuliwa pale, bado zina unyevu. Kisha kanitazama mimi. Nilipaswa kusema. Lakini kesho ni mkesha, na nani huwatangazia watu maradhi ya nyumba yake siku ya mkesha?

"Haya," kasema. "Sitaki kuivuruga sikukuu ya mtu. Fungueni madirisha, basi. Na binti mjamzito akae mbali na watu."

Jioni kasikika na spika ya mkononi akizunguka uani: "Usitoke! Usitembelee! Usikusanye watu!" Kisha kairekodi sauti yake, ikawa inajirudia yenyewe hadi giza.

Ijumaa, 24 Januari. Mkesha

Na mji wetu umefungwa leo. Barabara ya kwenda mtoni wameimwagia lori la udongo.

Nimeamka na giza nikapika. Samaki mzima wa mvuke, asiyeguswa hadi kesho ili mwaka ubaki na akiba. Supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi. Kabichi ya mashina mekundu. Na kababu za mvuke, ambazo mama mkwe huzikanda mwenyewe, huziviringisha kwenye mchele wa kunata na hamruhusu mtu kuzigusa. Leo alikaa kitini kuzikanda. Miaka yote huwa anasimama. Mashavu yake yalikuwa mekundu, na Guofu akamtania: "Mama kajipaka rangi, anatafuta mchumba." Kajibu kwamba ni mvuke wa sufuria. Sufuria ilikuwa bado haijawekwa motoni.

Xiaoman hakutaka kukaa katikati. Alisema harufu ya nyama inamchefua, akavuta kiti chake hadi dirishani, akafungua kioo kidogo, upepo ukawa unampiga shavuni. Bibi yake kamgombeza: "Utampa mtoto baridi!" Yeye kacheka tu, hakufunga.

Basi tukala. Mama mkwe kavilamba vijiti vyake. Kababu kwa Guosheng. Kababu kwa Guofu. Kababu mbili kwa Xiaoman, kwa sababu ya tumbo. Nilitazama sahani kama nitazamavyo kila mwaka, kama mtoto anayechungulia karamu ya wakubwa, kisha nikainuka kwenda jikoni kuleta supu ili nisionekane natazama.

Niliporudi na sufuria, katika bakuli langu mlikuwa na kababu mbili.

Nilisimama hapo na sufuria inaniunguza vidole. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anatazama televisheni, wale wachekeshaji wa mkesha, wala hakugeuka. Ndivyo alivyo, nikasema moyoni, hawezi kukupa kitu huku anakutazama. Nikaketi. Nikazila zote mbili polepole, macho yameniloa, nikasingizia mvuke. Miaka ishirini na tisa! Zilikuwa na chumvi ya kutosha kabisa.

Nimeosha vyombo naimba. Guosheng kachungulia jikoni: "Una nini wewe?" Nimemwambia aende zake. Nje fataki chache sana mwaka huu, na kati ya fataki na fataki ile spika: usitoke, usitembelee, usikusanye watu.

Jumamosi, 25 Januari. Siku ya kwanza

Mvua. Leo hakufagiwi, hakulii mtu, hayatajwi maradhi, haimezwi dawa. Dawa uliyoimeza siku ya kwanza utaimeza mwaka mzima. Wote tunajua.

Mama mkwe kaamka saa nne, yeye anayeamka kabla ya jogoo. Nilipompa kikombe cha chai vidole vyetu vikagusana. Vyake vilikuwa vya moto kuliko kikombe.

"Mama, unajisikiaje?"

"Heri ya mwaka mpya," kanijibu.

Jumapili, 26 Januari

Mvua. Anakohoa na mto mdomoni, anadhani hatusikii. Guofu hatanii tena.

Jumatatu, 27 Januari. Siku ya tatu

Nimetafuta kipimajoto kwenye droo ya juu, sikukiona. Nimekikuta nilipokwenda kuchota mchele, kimefukiwa ndani ya pipa. Humu ndani ni mtu mmoja tu anayeficha vitu kwenye mchele. Nimeingia chumbani kwake nacho mkononi.

"Mama, hiki kimefikaje kwenye mchele?"

"Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya mwanamke hapigi kelele."

"Sipigi kelele, nauliza!"

"Nakusikia na majirani wanakusikia." Kisha pumzi ikamkatika, akashika ukingo wa kitanda, na midomo yake niliiona, ilikuwa na rangi ya biringanya. Akaitafuta pumzi, akaipata. "Niache nifike siku ya tano," kasema, kwa sauti ndogo. "Nisije nikaifungulia nyumba hii mwaka kwa hospitali. Kuna mtoto anakuja."

Nimemfuata Guosheng roshanini, nikamwambia ampeleke mama yake leo hii. Alikuwa anavuta sigara chini ya wale samaki.

"Siku ya tano, Caixia. Siku hiyo miiko ya sikukuu huisha, nampeleka mwenyewe. Ana miaka sabini na nane. Ukimwingiza hospitali siku ya tatu ya mwaka atakufa kwa kuamini tu."

"Na Xiaoman je?"

Akawasha sigara nyingine. Nikaenda chumbani kwa Xiaoman, nikamwambia kuanzia sasa hatoki. Chakula nitaweka mlangoni. Ndoo hii hapa.

"Mama, mimi si mfungwa."

"Leo ni mfungwa, na askari ni mimi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Huu mwezi wa kwanza naulaani, na najua nao haulaaniwi.

Jumanne, 28 Januari

Mvua. Hakula. Guofu naye kalala, shingo inamuuma, mifupa inamuuma. Spika.

Jumatano, 29 Januari. Siku ya tano

Hatukungoja jua. Mama mkwe alianguka njiani kwenda chooni, nikamsikia. Nilipomkuta alikuwa amekaa sakafuni anashikilia nywele zake zisifumuke.

"Leo ni siku ya tano?" kaniuliza.

"Ndiyo, Mama, leo."

"Basi niitieni hiyo gari."

Dada Shu kapanda ngazi amevaa koti la mvua na miwani ya kuogelea ya mjukuu wake. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kampima homa, kampima Guofu, kisha katoa simu. Hakuniuliza kwa nini tulinyamaza siku ile ya mlangoni. Ningependa angeniuliza.

Gari la mtaa lilikuwa la kubebea mboga. Mama mkwe alikataa kushuka bila koti lake jekundu la mwaka mpya, nikamfunga vifungo mimi, kimoja kimoja, hadi kidevuni. Guosheng kambeba mgongoni, ghorofa tano, kichwa cha mama yake begani kwake, kikohozi sikioni kwake. Guofu kashuka mwenyewe anashikilia ukuta. "Shemeji," kasema, "kwa mara ya kwanza serikali inanipandisha gari bure." Huo ndio mzaha wake wa mwisho niliousikia kwa masikio.

Pale ngazini mama mkwe kageuza shingo mgongoni kwa mwanawe, kanitafuta.

"Samaki wageuze. Upande mmoja haujapata upepo."

Nimewageuza. Dada Shu kasema hospitali haina nafasi ya kutupima sisi tuliobaki, tukae ndani, kila mtu chumba chake, mlango hautafunguliwa. Mafundi wamekuja mchana wakabandika karatasi nyeupe ya karantini nje ya mlango wetu, juu ya zile nyekundu za heri nilizozibandika mkesha.

Ijumaa, 31 Januari

Guofu yuko kwenye hoteli iliyogeuzwa wodi. Anatuma kidole gumba tu kwenye simu. Mvua.

Jumapili, 2 Februari

Jua. La kwanza tangu tuingie mwaka, na sina raha nalo.

Mama mkwe kapiga simu, kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Guosheng kaweka sauti kubwa. Kwanza tulisikia mashine tu, inapuliza na kuvuta.

"Samaki?"

"Nimewageuza, Mama," nikasema.

"Xiaoman?"

"Mzima. Nimemfungia."

"Vizuri. Usimwonee huruma."

Guosheng alikuwa ameuziba mdomo kwa mkono. Nikaona simu itakatika hivi hivi. Sijui nini kilinishika. Nikasema, "Mama, nilikuwa sijakushukuru. Kwa zile kababu za mkesha."

Mashine ikapuliza, ikavuta. Muda mrefu. Nikadhani kalala.

"Ulistahili," kasema. "Ulistahili zamani."

Simu ikarudi kwa mwenye nayo.

Jumatatu, 3 Februari

Guosheng ana homa. Kaniambia mwenyewe alipoamka, amesimama mbali, mlango wa choo kati yetu. Wamekuja kumchukua kabla sijampikia kitu. Wanampeleka uwanja wa michezo wa ndani, wamepanga vitanda humo. Kavaa barakoa ya nguruwe.

Mlangoni kasema, "Nisamehe zile siku mbili."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyabeba tangu siku ya tatu, makali kweli kweli. Nikamwambia avae soksi nzito.

Jumatano, 5 Februari

Mama mkwe amefariki. Simu ilipigwa na msichana mwenye sauti iliyochoka, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema mkwe. Akauliza kama kuna mwana wa kuzungumza naye. Nikasema wana wote wawili wamelazwa, sema na mimi. Akasema hakuna kuaga, hakuna kuja. Watatuita wakati ukifika. Akasema pole, na nadhani alikuwa analia kabla hajanipigia mimi.

Nimempigia Guosheng. Nimemwambia. Nyuma yake nikasikia watu wengi sana wanakohoa, na mtu kafungulia redio.

Kwa Xiaoman nimesimama nje ya mlango nikamwambia. Tumelia kila mtu upande wake, paji la uso mbaoni. Kisha nikaenda roshanini. Samaki wamekauka vizuri, wamekuwa na rangi ya chai. Nimewageuza tena.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimekaa jikoni nikayapanga mabakuli ya mkesha mezani, kila moja mahali pake. Wazimu huanza hivi, nadhani. Bakuli la Guofu, kababu moja: kalala. Bakuli la Guosheng, kababu moja: kalala. Langu, mbili. La Xiaoman, mbili. Vijiti vilevile, vimelambwa mpaka vikang'aa.

Nimempigia Dada Shu. Kaniambia, "Caixia, ni pumzi, si kababu. Pumzi ya meza nzima."

Najua ni pumzi. Nilikuwepo. Lakini usiku nikifumba macho sioni pumzi, naona vijiti vinakwenda bakuli hadi bakuli, na kila vinapotua mtu analala. Na vilitua kwa mwanangu mara mbili. Jana kapiga chafya. Nikasimama na sufuria mkononi nikingoja ya pili, haikuja, na sikuweza kupika tena.

Nimeshindwa kuvumilia. Nimeenda nikakaa sakafuni, nje ya chumba chake.

"Xiaoman. Zile kababu za Bibi, ulikula zote mbili?"

Nikasikia kitanda kinalia ndani.

"Xiaoman!"

"Mama, usinikasirikie."

"Sema, mtoto wewe, usiniue!"

"Sikula. Yale mafuta ya nguruwe, nilivyoyanusa tu matapishi yalinifika hapa. Ulipokwenda kuchukua supu, Bibi alikuwa anatazama televisheni, nikazitia kwako. Zote mbili, kwa vijiti ambavyo nilikuwa sijavitia mdomoni." Kisha sauti yake ikasogea mlangoni. "Nilitaka kukwambia ile ile jioni. Lakini ulikuwa unaosha vyombo unaimba, Mama. Hujawahi kuimba ukiosha vyombo. Ningekwambiaje?"

Nimeangua kicheko. Nimekaa pale sakafuni nimecheka mpaka Xiaoman kaogopa, kanigongea mlango kwa ndani, Mama, Mama, una nini? Sina kitu. Sikutiliwa! Miaka ishirini na tisa na mkesha mmoja, na yule mama hajanitilia chochote, na sijawahi katika maisha yangu kufurahi kunyimwa kama leo. Hakula. Xiaoman alikaa dirishani na upepo shavuni, hakula, akaenda kulala mapema. Nimempigia Dada Shu tena nikamwambia. "Basi lishukuru dirisha," kasema, na yeye kacheka.

Kicheko kilipoisha ndipo nikakumbuka simu. Mama mkwe wangu, ambaye hakuacha hata punje ya chumvi ipite bila kuisemea, nilimshukuru kwa kitu asichokifanya. Angeweza kuniuliza, kababu gani? Lile ndilo lilikuwa jibu lake, namjua mimi, lilikuwa tayari ulimini. Alikuwa na pumzi chache, akazitumia kwa neno jingine. Ulistahili zamani. Basi kanitilia. Kwa simu, na mashine inampulizia, lakini kanitilia, na hiyo hakuna wa kuniondolea.

Ijumaa, 7 Februari

Koo.

Jumamosi, 8 Februari. Siku ya taa

Mwezi mpevu leo, ingawa hakuna atakayetundika taa. Ningekuwa napika yale madonge ya mchele yenye sukari, kila mtu ale aone mwaka umekamilika. Nimejipima asubuhi. Thelathini na nane na nusu. Nikajipima tena, ikaongezeka.

Nimesimama jikoni na kipimajoto mkononi, na pipa la mchele liko wazi mbele yangu. Naandika ukweli: mkono ulikwenda wenyewe. Vidole vilishagusa mchele. Nilikuwa nimeshapanga yote, kwamba nitasema ni uchovu, ni kilio, kwamba mwezi wa kwanza haujaisha, kwamba Xiaoman akijua nami naondoka atapata mshtuko na mimba hii nayo, basi. Nimemwelewa mama mkwe vizuri kuliko wakati wowote. Hakuwa mjinga. Aliogopa kwa ajili ya mtoto yule yule ninayemwogopea mimi.

"Mama?" Xiaoman kaita kutoka chumbani. "Mbona kimya? Kuna nini?"

Heri ya mwaka, nilitaka kumjibu. Ilikuwa ulimini.

Nimefungua dirisha la jikoni kwa nguvu, nikatoa kichwa nje, nikapiga kelele kwa ile sauti ya stendi, ile ya kuita madereva: "Dada Shu! Nina homa! Mimi Caixia wa ghorofa ya tano, nina homa, niitie gari!" Madirisha ya ng'ambo yakafunguliwa moja moja. Acha wasikie, mwezi wa kwanza na sikukuu yake. Spika ya uani ikanyamaza kidogo, kisha Dada Shu kajibu nimesikia, usishuke, usimguse mtoto.

Xiaoman kaanza kulia. Nimemwambia kwa mbali, nimesimama mwisho wa ujia, barakoa mbili usoni: mlango usifungue mpaka gari liondoke, halafu fungua madirisha yote kutwa nzima. Dada Shu atafunga chakula kwenye ndoo, uvute kwa kamba roshanini. Samaki wale mmoja tu kwa wiki, wana chumvi sana, Bibi yako hakuwa na kipimo cha chumvi ya watu wengine wala yake. Kesho watakuja kukupima. Mimi nina nguvu, nimeinua masufuria miaka yote hii, nitarudi kabla hujajifungua.

"Umejipima leo?" nimemuuliza.

"Thelathini na sita na nusu, Mama."

"Soma tena."

"Thelathini na sita na nusu."

Nimekaa kwenye kiti cha jikoni, nimeshavaa koti. Daftari hili nalibeba. Xiaoman anapekua chumbani, namsikia, vijikaratasi vya biskuti, mfuniko wa chupa.

"Mama, subiri, usiende tumbo tupu. Nikuwekee japo kitu kidogo mlangoni, nirudi ndani, wewe uchukue."

"Usifungue huo mlango."

"Kitu kidogo tu, cha kula njiani."

"Usinitilie kitu, mwanangu," nimemwambia. "Umeshanitilia."

Vijikaratasi vimeacha kuchakacha. Nadhani kaelewa. Gari linapiga honi huko chini, naenda kuvaa viatu.